Ile E6 niliyomwandikia mdogo wangu

Mama mpaka leo besiboli anaiita rede. Kambini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, rede ilikua kila jioni, so siku ya kwanza kumwona mdogo wangu kashika rungu huku Iowa, Marekani, akasema kumbe na wazungu wana rede yao, ila mbona wanasimama sana.

Iowa nao wana mambo yao, besiboli ya sekondari wanacheza kiangazi, yaani mwezi wa tano ushamaliza shule, joho ushavaa, picha ushapiga, halafu unarudi uwanjani kuichezea shule ileile mpaka mwezi wa saba. Sisi tulimaliza pamoja 2018 (tulivyofika tulipangwa darasa moja, msiniulize), yeye shotistopu, yule anayedaka kati ya besi ya pili na ya tatu, mimi skoa, yaani nashika daftari la kuandika mechi, maana kocha aliona hesabu naziweza.

Hiyo kazi watu wanaidharau. Kila nafasi uwanjani ina namba yake, pitcha (anayemrushia mpigaji mpira) 1, shotistopu 6, na kila mpira lazima uandikwe. Mtu akipiga akafika besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia, salama, ni wewe unaamua kama ni hiti ya halali au mpinzani kaboronga. Kaboronga unaandika E (error, yaani kosa) na namba yake, na aliyepiga anahesabiwa kama kakosa. Na skoa wa timu ya nyumbani akishaandika ndo imetoka hiyo.

Mdogo wangu alikua anaitaka timu bora ya jimbo, ile orodha ya wachezaji bora wa jimbo zima, kufa na kupona. Watu wanadhani kuna ofisi mahali inachagua, wapi! Kocha wako ndo anakupendekeza, anabeba namba zako anaenda kukaa na makocha wa wilaya, shule za saizi yenu tu, maana zimegawanywa 1A mpaka 4A kwa idadi ya wanafunzi, wanabishana, wanapiga kura, halafu majina machache yanapanda jimboni. Huko juu wengi hawajawahi kukuona. Wanaona karatasi.

Sasa mechi yetu ya mwisho nyumbani kapiga mpira wa chini, ukaenda moja kwa moja kwa shotistopu wao, ukaingia kwenye glavu, ukatoka. Dogo kafika besi, jukwaa linashangilia. Nikaandika E6.

Usiku akanifuata jikoni. "Dada, ile ilikua hiti."

"Uliingia kwenye glavu, nimeona."

"Nani mwingine kaona? Futa."

Wote tulikua tushapiga hesabu. Hiti 47 kwa mara 120 za kupiga ni .392. 48 ni .400 kamili, na .400 kwenye besiboli ni namba ambayo mtu anaisoma mara mbili. Mama akaingilia, "we mwandikie tu mwenzio, si penseli hiyo?" Kweli ilikua penseli, na kifutio kipo. Sikufuta. Siku nne hakunisemesha, na nyumba yenyewe vyumba viwili tuko watu saba, yaani mtu anakupita anakuomba chumvi kupitia kwa mtoto.

Kikao kikapita, akapata orodha ya pili ya wachezaji bora wa wilaya, jimbo hola. Kocha akaniambia mle ndani waliuliza zaidi kapiga dhidi ya mapitcha gani, na kocha mmoja ambaye pitcha wake alimtoa dogo mara tatu mechi moja hakusahau kulisema. Nikamuuliza, ingekua .400 je? Akakaa kimya kidogo, akasema ingekua rahisi kwake kuongea.

Hilo jibu lilinikaa. Nimelala nalo usiku mwingi, na bado mpira ule nauona ukitoka kwenye glavu.

Dogo sasa baba wa watoto wawili, tunaongea kila wiki. Kwenye simu yake kanisevu E6, na watoto wake wanadhani ndo jina langu, shangazi E6.