Kisiki cha Mahameni

Julai 2013 nilikuwa likizo nyumbani Nachingwea, nikiwa mwaka wa pili wa masomo ya misitu. Mjomba alikuwa amepata kibali cha kukata mninga mmoja kwenye shamba letu la zamani, apate mbao za milango ya nyumba yake. Shamba lile tunaliita mahameni. Nyumba hazipo tena. Imebaki miembe, na vigae vya mitungi vinavyoibuka ukilima.

Nilimwomba mjomba aniachie kisiki kwa siku moja, akakubali. Bibi akasema naye anakwenda, ingawa miguu ilikuwa ikimsumbua, na njia nzima alitembea mbele yangu.

Utomvu mwekundu wa mninga ulikuwa umeganda pembeni mwa kisiki kama damu ya jana. Nilipiga randa ukanda wa upana wa kiganja kutoka kwenye kiini hadi kwenye gome, nikausugua kwa msasa, nikaupangusa kwa kitambaa chenye maji. Pete zikajitokeza. Mvua zinapoanza, mninga hujenga matundu makubwa ya kupitishia maji, unayaona kwa macho kama vitobo vya sindano. Mvua zikikaribia kwisha matundu yanakuwa madogo, halafu mti unapukutisha majani na kulala, na pale ulipolala panabaki mstari mwembamba. Kusini kwetu masika ni moja kwa mwaka, kuanzia Desemba au kabla kidogo mpaka Aprili, hatuna vuli ya kuchanganya hesabu. Ndiyo maana mninga wetu unahesabika.

Hata hivyo, hesabu ya kwanza ilinipa 41. Nikapiga randa ukanda wa pili upande mwingine wa kisiki, nikapata 38. Nilikaa na tofauti ile karibu saa nzima, nikifuata kila mstari kwa ncha ya penseli kuzunguka kisiki chote. Mitatu iliishia njiani. Mvua ikikatika katikati ya msimu mti unaweza kusita kidogo, ukaacha mstari wa uongo, lakini mstari wa uongo kwa kawaida haufungi duara. Zikabaki 38. Pete ya kumi na sita kutoka kwenye gome ilikuwa pana kuliko jirani zake zote. Nikarudi nyuma kutoka masika iliyokuwa imekwisha: ilikuwa ya 1997 na 1998.

"Mwaka wa Elnino," bibi alisema nilipomwonyesha. "Muhogo ulituozea ardhini."

Sitasahau nilivyofurahi. Kisiki na bibi walikuwa wamekubaliana bila kuulizana. Nikamwambia kwa uhakika kabisa kwamba pete ya kwanza ni ya masika iliyoanza mwishoni mwa 1975, kwa hiyo mti ulikuwa na miaka 38.

Bibi aliinama akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya kiini, akauacha hapo.

"Hapa ndipo tulipoondoka."

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini. Zamu ya watu wa bibi ilifika kiangazi cha 1975. Walipewa siku chache. Alibeba alichoweza, mtungi mkubwa wa maji akauacha kwa sababu hakuwa na mikono ya kutosha, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiutaja mtungi huo. Masika yaliyofuata hakuna aliyelima pale.

"Lakini mti huu hauna miaka hiyo, mke mwenzangu," akaendelea. "Huu nimeukata kwa jembe kila mwaka, mama yako akiwa mgongoni. Ninaukata, unarudi. Moto wa kiangazi unauunguza, unarudi. Ulipokosa wa kuukata ndipo ukasimama."

Jambo hilo nilikuwa nimefundishwa darasani, na pale kwenye kisiki sikulikumbuka. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka mingi, huku mzizi ukinenepa chini, mpaka siku mzizi unaposhiba na kutoa shina linaloweza kuhimili moto. Pete za shina hazianzi kabla ya shina.

Nilichukua jembe la mjomba nikafukua ubavuni mwa kisiki. Chini ya udongo shingo ya mzizi ilikuwa nene, imejaa vifundo na makovu yaliyofunikwa na gome jipya. Bibi alilipapasa moja kwa muda mrefu. Pale hapakuwa na cha kuhesabu, mbao ilikuwa imejikunja ovyo.

Nikaandika kwenye daftari: shina, masika 38. Bibi akauliza mstari unaofuata unasema nini. Nikamwambia bado sijauandika, anitajie yeye. Akafikiri, kisha nikaandika alivyosema: mzizi, tangu mama alipokuwa mgongoni.