Upeo wa macho kwanza, kivuli baadaye: mtihani wa kuchora wa usanifu majengo ukijiandaa ukiwa Mtwara

Mwombaji wa usanifu majengo aliyetoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) mara nyingi haogopi hesabu. Anachoogopa ni karatasi nyeupe na swali la mistari miwili: umekaa kwenye ngazi za nyumba, mbele yako kuna soko la jioni, chora unachokiona. Dakika thelathini. Wengi huanza na kitu wanachokimudu, tuseme mwembe ulio pembeni. Wanauwekea majani moja moja, wanautia kivuli, na wakija kuinua kichwa nusu ya muda imekwisha na soko lenyewe bado halijaanza.

Kwanza tutenganishe milango. Hapa nchini, shahada inaombwa kwa matokeo ya kidato cha sita, na masharti ya kila kozi yamo kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unaotolewa kila mwaka. Hiyo ni kwa Chuo Kikuu Ardhi, kwa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na kwingineko. Anayeomba nje hukutana na mambo mawili: ama jalada la kazi zake, ama mtihani wa kipaji.

Mitihani ya India ndiyo yenye muundo ulio wazi zaidi, na maswali yake ya nyuma yanapatikana kwa urahisi. NATA, mtihani wa kipaji cha usanifu majengo unaosimamiwa na Council of Architecture, baraza la wasanifu la India, tangu 2006, kwa mpangilio wa 2024 ulikuwa wa saa tatu na alama 200: kuchora 80, maswali ya kipaji 120. JEE Main, mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vya ufundi, karatasi yake ya 2A ya usanifu majengo ina alama 400, ambazo 100 ni hisabati, 200 kipaji na 100 kuchora. UCEED wa IIT Bombay, kwa wanaotaka ubunifu wa bidhaa na mawasiliano, una alama 300, na 100 kati ya hizo ni za sehemu ya kuandika na kuchora kwa mkono. Mipangilio hii hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma kijitabu cha mwaka wako na usitegemee cha kaka yako. Hata kama huna mpango wa kwenda India, mazoezi yake yanakufaa kwa jalada la chuo chochote.

Sasa tuje kwenye kuchora, maana hapo ndipo alama zinapomwagika.

Nenda ufukweni Shangani, simama maji yalipoishia. Macho yako yako kama mita 1.6 juu ya bahari, na ule mstari ambapo mbingu inakutana na maji, yaani upeo wa macho, nao uko kwenye kimo hichohicho cha macho yako. Mashua yenye mlingoti unaofika mita 6 kutoka majini itakatwa na mstari huo kwenye zaidi kidogo ya robo ya urefu wake. Isogee mita 50 au mita 500, itakatwa palepale. Itapungua ukubwa tu. Sasa panda ghorofani hadi macho yako yafike mita 8 juu ya maji: upeo unapanda nawe, na mashua yote, pamoja na ncha ya mlingoti, inabaki chini ya mstari. Mwanafunzi anayechora mashua ya mbali ikielea yote juu ya upeo, eti kwa sababu iko mbali, amemwonyesha msahihishaji kwamba hajui yeye mwenyewe amesimama wapi.

Soko nalo lina kanuni hiyohiyo. Ukiwa umesimama kwenye uwanja tambarare, vichwa vya watu wazima waliosimama vitajipanga karibu na mstari mmoja, wa karibu na wa mbali. Vichwa havishuki, miguu ndiyo inayopanda kadiri mtu anavyokuwa mbali. Ukiwa umekaa kwenye kiti, macho yako yako kama mita 1.2, basi upeo unapita vifuani mwa waliosimama. Kosa linalojirudia ni kuwapunguza watu wa mbali na kuwashusha pia, mpaka wanafanana na watoto waliosimama kwenye shimo. Kwa hiyo neno la kwanza la kuwekea mstari kwenye swali ni lile linalosema mtazamaji yuko wapi: amekaa, amesimama, yuko roshani, yuko ndani ya basi. Chora upeo kwa mstari mwepesi kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya upeo, majengo. Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, ni darasa la bure. Kwenye kichochoro chembamba ukitazama moja kwa moja mbele, mistari ya mabaraza, vizingiti na kingo za paa inakimbilia nukta moja iliyo kwenye upeo. Geuka utazame kona ya nyumba, utapata nukta mbili, moja kila upande. Wanaojifunza wenyewe huziweka nukta hizo zote mbili ndani ya karatasi ya A4, na nyumba inatoka na kona kali kama pua ya jahazi. Kwa mazoezi, bandika karatasi katikati ya meza kwa selotepu, weka nukta mezani zikiwa zimeachana sentimita 60 hivi, na mkono utazoea mteremko halisi wa mistari. Kwenye chumba cha mtihani huna meza ya kuchorea, lakini una kipimo hiki: kwenye kona ya jengo iliyo karibu nawe, pembe kati ya kingo mbili za chini zinazokimbia kushoto na kulia isiwe ndogo kuliko nyuzi 90. Ikipungua hapo, jengo limepinda, na kivuli hakitalinyoosha.

Ukiwa hapohapo tazama dirisha la nyumba ya mawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene, kiasi cha nusu mita, kwa hiyo dirisha lina shavu la ndani unaloliona upande mmoja tu. Dirisha lisilo na shavu linaonekana kama stika iliyobandikwa. Na vyumba vya nyumba za namna hii huwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki mbali, mita 2.5 hadi 3 hivi. Sababu ya aina hiyo ndiyo jibu wanalolitaka watahini wanapouliza uhusiano wa malighafi na umbo la jengo.

Kichwani weka vipimo vichache: mlango mita 2.1 kwa 0.9, kiti sentimita 45, meza 75, ngazi kupanda 15 hadi 17 na kukanyaga 25 hadi 30. Mtu akishakaa vizuri kwenye mchoro, kila kitu kinapimwa kwake.

Vitu vya mviringo vinahitaji zoezi lake, na hakuna kifaa bora kuliko kinu. Kiweke uani, simama mita mbili na nusu kutoka kilipo. Mdomo unaonekana kama duaradufu, kitako nacho vilevile, lakini hazilingani. Kilicho chini zaidi ya jicho hufunguka zaidi. Mdomo uliouchora kwa upana wa sentimita 10 ukiwa na kimo cha karibu 4, kitako chenye upana huohuo kitataka zaidi ya 5. Karibu kila anayeanza hufanya kinyume: anauacha mdomo wazi kama sahani, kisha anakata kitako kwa mstari ulionyooka kwa kuwa anajua kinu kimekaa chini na ardhi ni bapa. Kosa la pili ni kuchonga ncha za duaradufu zikawa kali kama pembe za jicho. Duaradufu haina ncha, inageuka taratibu. Ichore kwa bega, mkono ukizunguka mara mbili tatu hewani kabla penseli haijagusa karatasi. Mchi uliosimamishwa ndani ya kinu uchore mpaka ulipogusa chini, kana kwamba kinu ni kioo, kisha futa sehemu iliyofichika. Ndivyo utakavyojua kama mchi umeegemea mahali sahihi.

Kivuli kije baada ya haya yote. Tumia ngazi tatu tu: karatasi yenyewe, kijivu, na nyeusi. Kinyago cha mpingo ni mtego mzuri wa kujipima. Kwa kuwa mti wenyewe ni mweusi, wengi hukipaka chote cheusi na sura ikapotea. Kiweke dirishani asubuhi, uache weupe wa karatasi pale mng'ao unapopiga, na weusi wa penseli ya 6B uuweke kwenye mikunjo ya ndani pekee.

Kuna jambo linalowaangusha watu wa kusini kwenye maswali ya kipaji bila wao kujua: jua. Vitabu vya India vinamchukulia mtazamaji kama yuko Delhi, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Juni, jua letu la adhuhuri liko kaskazini na vivuli vinaangukia kusini. Desemba liko kusini. Na kati ya hapo, mnamo tarehe 20 na ushei za Oktoba na Februari, linapita utosini na nguzo inakosa kivuli. Kwa hiyo swali la ukuta upi uwekewe kinga ya jua halijibiwi kwa mazoea ya nyumbani. Soma mji uliotajwa kwanza. Usipotajwa kwenye karatasi ya India, jibu la kusini ndilo walilokusudia, ukubali au ukasirike.

Kwa maswali ya maumbo, nunua sabuni ya mche. Kata mchemraba wa sentimita 5, kisha upitishe kisu. Ukikata kona moja unapata pembetatu. Ukikata kwa kupitia katikati ya kingo sita zinazofaa unapata pembesita iliyolingana pande zote, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waione sabuni. Lile swali maarufu la mchemraba uliopakwa rangi kisha ukakatwa vipande 27 lina jibu moja la kudumu: vipande 8 vina rangi pande tatu, 12 pande mbili, 6 upande mmoja, na 1 cha katikati hakina rangi. Na mchemraba ukikunjuliwa kuwa bapa una namna 11 tu. Zikate zote kwenye boksi la viatu, zikunje kwa mkono. Kukariri picha hakusaidii swali linapogeuzwa.

Utunzi wa rangi usikupotezee usingizi. Tandaza khanga sakafuni: pindo, mji, jina. Rangi tatu au nne, moja inatawala, nyingine inapingana nayo kwa kiasi kidogo. Mwanafunzi mwenye boksi la rangi 12 hutaka kuzitumia zote, na hapo ndipo utunzi unapogeuka kachumbari.

Maarifa ya jumla ni ya kusoma polepole, si ya kukariri. Mtu wa Lindi aweze kueleza Husuni Kubwa na kidimbwi chake cha pembenane kule Kilwa Kisiwani, magofu yaliyoingia Urithi wa Dunia 1981 pamoja na ya Songo Mnara. Amjue Beda Amuli aliyesanifu Soko la Kariakoo, na Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, 2022. Paa lake la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke ni somo kwa kila anayekaa chini ya bati Masasi mwezi wa Novemba.

Dakika thelathini za swali moja zigawe hivi: tatu za kusoma na kuchora vijipicha viwili vya ukubwa wa kiberiti, saba za upeo na maumbo makubwa, kumi na mbili za mistari na vitu, sita za kivuli, mbili za kukitazama mchoro kwa mbali. Penseli HB, 2B, 4B na 6B zinatosha, zichongwe kwa wembe risasi itokeze sentimita moja. Kichongeo cha dukani huivunja 6B ndani kwa ndani. JEE inakutaka ulete mwenyewe penseli, kifutio na penseli za rangi au krayoni, na rangi za maji haziruhusiwi.

Kwa wanaotuma jalada: masika karatasi hunyonya unyevu na penseli hukwangua badala ya kuteleza, hivyo rimu ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Piga picha kivulini karibu na mlango, saa tatu au saa nne asubuhi, flashi imezimwa, simu ikiwa sambamba na karatasi ili kingo zisitoke kama paa la banda. Taa ya ndani huipa karatasi unjano. Na usihamishe picha hizo kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana na mistari ya HB inapotea. Zitume kama faili au zipakie moja kwa moja kutoka kwenye simu iliyozipiga.