Rangi za Trifid na Lagoon: waridi na buluu katika picha moja

Anayetaka kujifunza rangi za nebula, mawingu ya gesi na vumbi angani, aanze na Trifid, M20, katika kundinyota la Mshale. Ina upana wa karibu nusu digrii tu, lakini inabeba rangi mbili zenye asili tofauti kabisa. Upande wake wa kusini ni waridi: hidrojeni iliyoamshwa na mionzi ya nyota yenye joto kali, ikitoa mwanga wake yenyewe. Upande wa kaskazini ni buluu: vumbi lisilotoa mwanga wowote, linatawanya tu mwanga wa nyota, na mawimbi mafupi hutawanywa zaidi. Picha ikitoka na waridi nzuri huku buluu imekufa, kuna hatua imeharibika, na mara nyingi unaweza kuitaja ni ipi. Digrii moja na nusu hivi kusini yake iko Lagoon, M8, kubwa na angavu zaidi, na zote mbili zinaingia kwenye fremu moja ya lenzi ya milimita 200.

Kwetu Afrika Mashariki nebula hizi zimekaa mahali pazuri mno. Ukiwa Dodoma, Lagoon inapanda hadi digrii 72 juu ya upeo wa macho. Nairobi ni kama digrii 67. Tarehe 21 Juni inafika juu kabisa Dodoma karibu saa sita na nusu usiku, mwezi mmoja baadaye saa nne na nusu, na 21 Agosti saa mbili na nusu. Huo ndio msimu wa kiangazi katika sehemu kubwa ya Tanzania. Wapiga picha wa Ulaya ya kaskazini wanaipiga ikiwa imelala kwenye ukungu wa upeo. Sisi tunaipata karibu na utosi, na hewa chache iliyo kati yetu nayo inaokoa buluu ambayo ingetawanywa njiani.

Taabu yetu ni kuelekeza mhimili wa kifuatilia nyota, kifaa kinachozungusha kamera kufuata anga, kwenye ncha ya anga. Dodoma ncha ya kusini ya anga iko digrii 6 tu juu ya ardhi, na Sigma Octantis, nyota hafifu ya mng'ao wa 5.4 iliyo karibu nayo, huzama kwenye vumbi. Usihangaike kuitafuta. Weka mwinuko wa mhimili kwa kipimo cha pembe cha simu, elekeza kusini kwa dira ukiwa mbali kidogo na vyuma, na uhakikishe swichi ya kifuatilia nyota iko kwenye S, yaani kusini. Ikiachwa kwenye N mota inazunguka kinyume na nyota zote zinakuwa mistari. Kisha piga fremu kadhaa za sekunde 60 ukilenga nyota iliyo juu kabisa, karibu na ikweta ya anga. Ikihama kaskazini au kusini, kosa liko kwenye mwelekeo wa kushoto na kulia: sogeza kidogo, piga tena, na ikizidi rudisha upande wa pili. Halafu rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha mwinuko. Kwa lenzi ya milimita 200 na pikseli za mikroni 4.3, kosa la digrii 1 linaweza kusogeza nyota pikseli 3 hadi 4 katika sekunde 60. Ukilifikisha chini ya robo digrii, inatosha.

Lenga umakini wa lenzi kwa Antares, ukikuza picha mara 10 kwenye skrini, na barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mianya kinachosaidia kupata umakini) ikiwa ipo. Angalia tena kila saa, maana lenzi ikipoa umakini unahama. Funga lenzi hadi f/4 ili nyota zisizungukwe na duara la zambarau, ambalo baadaye linajifanya buluu ya nebula. ISO 800 au 1600, fremu 150 za sekunde 60, faili za RAW, yaani ghafi. JPEG haifai hapa kabisa: kamera imeshavuta mwanga, yaani kuangaza sehemu hafifu, na kuamua rangi kabla hujaanza kazi. Kila baada ya fremu 5 sogeza mlengo wa lenzi pikseli 10 au 15. Bila hivyo, fremu zikirundikwa kuwa picha moja, doa za sensa zinakuwa michirizi ya rangi inayokatiza picha nzima, na hakuna programu inayoiondoa vizuri.

Kamera ya kawaida ina kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga wa hidrojeni wa nanomita 656.3. Wengi hukimbilia kukitoa. Kwa Lagoon na Trifid naona si lazima: ni angavu, na hidrojeni hiyohiyo inatoa pia mwanga wa buluu-kijani wa nanomita 486.1. Ndiyo maana rangi yake halisi inaelekea kwenye waridi, si wekundu wa damu. Kinachohitajika ni muda zaidi wa kupiga, na kumbuka kwamba kupunguza chembechembe (kelele ya picha) kwa nusu kunadai fremu mara nne.

Picha za usahihishaji usizikwepe. Picha za giza 30, kifuniko kimefungwa, kwa muda, ISO na joto lilelile. Picha bapa 30 kupitia kitambaa cheupe kilichotandazwa mbele ya lenzi, umakini haujaguswa, histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ikiwa katikati. Bayasi 50, yaani picha za kifuniko kimefungwa kwa kasi ya juu kabisa ya shata. Picha bapa ndizo zinazogusa rangi moja kwa moja. Bila hizo, kona zenye giza huonekana kama anga isiyo sawa, na ukijaribu kuisawazisha unakula buluu hafifu ya Trifid.

Kwa urundikaji natumia programu ya Siril, ni ya bure. Panga makabrasha manne yenye majina biases, darks, flats na lights, endesha skripti ya kamera ya rangi, kisha kata kingo za picha uliyopata. Kuanzia hapa hadi rangi isimame, picha ibaki bila kuvutwa. Picha iliyovutwa imeshapoteza uwiano wa kweli kati ya nyekundu, kijani na buluu, na usahihishaji wowote unaofuata ni kubahatisha.

Kwanza ondoa mteremko wa mwanga wa anga. Kwenye Mshale hakuna anga tupu. Fremu nzima imejaa Njia Nyeupe. Tumia polinomi ya daraja la 1 peke yake, yaani mteremko ulionyooka, na ufute sampuli (vituo vya kupimia anga) zote zilizotua kwenye nebula au kwenye mawingu ya nyota. Daraja la 4 linaonekana kusafisha vizuri, kumbe limefagia hidrojeni hafifu inayozunguka Lagoon.

Kisha tafuta mahali picha ilipo angani: andika M20, urefu wa fokasi 200, pikseli 4.3. Ikikataa, mara nyingi namba mojawapo ya hizo imekosewa. Ikikubali, endesha PCC, zana ya Siril ya kusawazisha rangi, inayolinganisha rangi za nyota zako na vipimo vya katalogi, kama vile vya setilaiti Gaia ya Ulaya. Eneo la marejeo la anga lichague kwa mkono, kwenye kipande cheusi cha vumbi. Likiangukia ukungu wa hidrojeni, programu itaamini wekundu huo ndio kijivu, itautoa picha nzima, na waridi itageuka majivu. Baada ya hapo, mwonekano wa kuvuta wa skrini uwe na chaneli (nyekundu, kijani na buluu) zilizounganishwa. Zikiwa zimeachana, skrini inakuonyesha rangi iliyosawazishwa kwa uongo na utahukumu kitu kisichokuwepo kwenye faili.

Nyota za njano na machungwa zikionekana nyingi nyuma, usishtuke wala usizipoze. Ni nyota kuukuu za kitovu cha galaksi, zikionekana kupitia vumbi. Kijani kidogo kilichobaki kinaondolewa na zana ya SCNR, lakini kikiwa kingi rudi kwenye PCC.

Sasa vuta. Anza na asinh, aina ya uvutaji ambayo inatunza uwiano wa rangi, kwa hatua ndogo ndogo; histogramu ya kawaida ikivutwa kwa mkupuo inachoma kiini cha Lagoon kuwa cheupe. Anga ya nyuma ibaki karibu 20 hadi 25 kati ya 255, isiwe sifuri. Ongeza ukolezi wa rangi kwenye nebula peke yake, baada ya kutenga nyota kwa programu ya StarNet. Buluu ndiyo itakayodai msaada, waridi itajisimamia.

Vichujio vya bendi mbili, vinavyopitisha hidrojeni na oksijeni tu, vinasaidia sana chini ya taa za mji kwa Lagoon. Kwa Trifid vinaua nusu ya picha: buluu yake ni mwanga wa nyota uliotawanywa kwenye mawimbi yote, na kichujio kinapitisha ukanda mwembamba tu wa huo. Ukiwa Dar es Salaam na kichujio hicho, piga Lagoon peke yake, peleka hidrojeni kwenye nyekundu na oksijeni kwenye kijani na buluu. Trifid isubiri usiku usio na mbalamwezi, nje ya mji, lenzi ikiwa wazi bila kichujio.