The Insider, nikiwa Kirumba

Jana usiku, nyumbani Kirumba, Mwanza, niliitazama tena The Insider, filamu ya Michael Mann ya mwaka 1999 kuhusu Jeffrey Wigand, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika kampuni ya sigara ya Brown & Williamson, ambaye alivunja mkataba wa usiri ili umma uujue ukweli kuhusu nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu. Kilichoniuma kuliko hata vitisho alivyopata ni kuona CBS, televisheni ya Marekani, kwa hofu ya kushtakiwa, ikisita kurusha mahojiano yake kamili hadi Februari 1996. Nilimkumbuka marehemu baba, aliyevuta sigara kila alfajiri akisubiri mitumbwi ya dagaa mwaloni. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba hamu ile isiyomwacha ilitokana na nikotini, wala haikuwa ulegevu wa moyo kama alivyoamini.