Basi ungesema hivyo

Jumanne bado imenikaa kooni. Wiki hii seneti imepitisha tuunganishwe na idara ya uchumi, mkuu wa kitivo ametangaza kung'atuka, kifungua mimba wangu amepata barua yake, na mimi hata nikioga ninachosikia ni yule kijana wa kiti cha dirishani: "Basi ungesema hivyo."

Mnamkumbuka, nilimwandika mwanzo wa muhula. Yule anayefanya hesabu zake zote kwa penseli, akikosea anafuta taratibu, anapuliza vumbi la kifutio, ndipo anaandika upya. Darasani hasemi. Jumanne, kwenye somo langu la takwimu, nilichora ubaoni grafu yenye mkia mrefu upande wa kulia, nikamgeukia.

"Wastani umevutwa upande gani?"

Akaitazama grafu. Akanitazama mimi.

"Madam, si umeichora wewe?"

"Ndiyo."

"Na jibu unalo."

"Ninalo."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Wenzake wakaguna. Nikamwambia, "Nataka kujua kama na wewe unajua."

"Basi ungesema hivyo. Kulia."

Ni kulia kweli. Akarudi kwenye penseli yake.

Nimeyarudia maneno hayo kwa kila sauti. Nimeyaweka kwenye sauti ya jeuri, yamekataa. Nimejaribu kejeli, yamekataa pia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama njia panda anauliza ashike ipi. Afadhali ingekuwa jeuri, maana jeuri ninajua kuijibu.

Na kama haitoshi, siku hiyo nyuma ya darasa alikuwa amekaa mwenzangu aliyekuja kunitathmini. Fomu ina kisanduku cha ushiriki wa wanafunzi; nilimwona anaandika mpaka anavuka mstari. Kwenye korido akanivuta pembeni: "Dokta, yule kijana mkanye mapema. Chuo chenyewe kidogo hiki, watakuzoea." Ni mkubwa wangu, nikaitikia kwa adabu. Moyoni nilikataa pale pale.

Maana ukikaa ukafikiri, kumuuliza mtu kitu unachokijua ni kituko. Hugh Mehan, mwanasosholojia wa elimu, alilichambua hili mwaka 1979: mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu, mwalimu anatoa hukumu. Ukimuuliza mtu saa ngapi akakwambia saa nane na nusu, unamshukuru. Ukimjibu "vizuri sana" atajiuliza kama u mzima. Ni sisi walimu tu tunaopita salama na "vizuri sana" yetu. Miaka yote nimefundisha takwimu hivyo, na waliokulia kwenye nyumba za maswali ya namna hiyo hawajawahi kushangaa. Shirley Brice Heath, mtafiti wa lugha na utamaduni, aliyaona haya kwa karibu kwenye jamii za Piedmont, huko Carolina, Marekani, akayachapisha mwaka 1983. Kwenye jamii moja ya Wamarekani weusi wa kipato cha chini, watu wazima hawakuwa na kawaida ya kumuuliza mtoto jambo ambalo jibu lake wanalo. Walimuuliza kitu hiki kinafanana na nini, au jambo ambalo kweli hawakulijua. Watoto wale wakifika shuleni wananyamaza, na mwalimu anaandika kwamba hawajui.

Nilitamani kumpa mwenzangu hilo pale korido. Badala yake yeye ndiye aliyeongeza: "Kwani kwao wako hivyo?"

Nitajuaje? Namjua yeye na penseli yake. Hii ndiyo shida ya chuo kidogo ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi vyetu vya "hapa kila mtu anakujua jina". Mtu akiwa peke yake wa kwao anageuzwa balozi. Akinyamaza, kwao ni wanyamavu, akisema, kwao hawana adabu. Tena hana pa kujificha. Chuo kikubwa angenikwepa akachukua kozi kwa mwingine. Kwetu mwingine hayupo, atakutana nami hadi anahitimu, na namna yangu ya kuuliza ndiyo atakayodhani ni elimu yenyewe.

Semina yetu ya kufundisha kwa kuzingatia utamaduni wa mwanafunzi haikugusa lolote kati ya haya. Tulioneshwa picha za mavazi, tukashauriwa tuandae siku ya vyakula na bango la kukaribishana. Gloria Ladson-Billings, mtaalamu wa elimu aliyeandika juu ya ufundishaji huo mwaka 1995, alitaka mambo matatu: mwanafunzi afaulu masomo, abaki na utamaduni wake huku akijifunza wa wengine, na awe na jicho la kuhoji dhuluma. Bango sijaliona humo.

Basi hadi Jumatano usiku nilikuwa nimeshaamua: maswali ya kupima nayaacha, nitauliza tu nisiyoyajua. Nikakaa kutunga mtihani wa kati ya muhula. Swali la kwanza, jibu ninalo. La pili, ninalo. La tatu... nikaiweka kalamu chini, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mume wangu akatoka chumbani kuangalia kuna nini.

Kijana hakuniambia niache kuuliza! Aliniambia ningesema. Lisa Delpit, naye mtaalamu wa elimu, aliwagombeza walimu wapole kwa jambo hili hili mwaka 1988: kanuni za wenye nguvu zipo, waliozaliwa nazo hawazioni, na anayezificha kwa huruma anamwacha mgeni azigundue mwenyewe kwa kuumia. Mtangazie waziwazi. Makala nzima ile, na kijana kaimaliza kwa maneno matatu huku anapuliza kifutio.

Alhamisi nikaingia kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu muhula uanze. Nikawaambia maswali yangu ni ya aina mbili. Ya kupima, ambayo jibu ninalo, na mtihani utakuwa wa hayo. Nikiuliza nitasema "napima". Na ya kutafuta, ambayo jibu sina. Nikawawekea takwimu za vitabu vinavyoazimwa maktaba, mwezi kwa mwezi, mmoja umepanda kama mnara. "Hili natafuta," nikasema, nikafunga mdomo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji, alipima zamani akakuta walimu wengi wakishauliza husubiri sekunde 1 tu, hata pungufu, na kwamba wakifikisha 3 majibu hurefuka na waliokuwa kimya huanza kusema. Zijaribuni hizo 3 mbele ya watu, mtanieleza.

Wasemaji wangu wa mbele walihangaika kweli. "Madam, hili litatoka kwenye mtihani?" Nikasema hapana, wakafunga madaftari. Nyuma, binti anayefanya kibarua cha jioni maktaba, ambaye sauti yake nilikuwa siijui, akasema mwezi ule walibadilisha mfumo wa kumbukumbu, vitabu vya zamani vikaingizwa upya kana kwamba vimeazimwa siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeshajenga nadharia yangu kwamba ni msimu wa mitihani.

Kijana wa dirishani hakusema kitu. Sikumpima.

Fomu imefika jana kwenye kisanduku changu. Kwenye nidhamu imeandikwa "iboreshwe", sahihi na tarehe. Nina haki ya kuandika maelezo yangu mistari minne kabla ya Jumatatu, na nimeshajaza mitatu bila kumtaja Heath wala Mehan, nataka kumuuliza tu mwenzangu alisikia nini siku ile. Hili kweli natafuta.

Halafu kuna Mama. Amepiga tena leo kuuliza kama gari la shemeji limetoka gereji, sijui ananipima au anatafuta, na mdogo wangu hapokei simu, kwa hiyo sijui amemweleza Mama lipi: lile la breki au lile la ukweli. Nimemwambia Mama nitampigia usiku. Sasa hivi ni saa mbili.