Saa za Daktari Bingwa na Ankara Niliyoirudisha

Ankara ya madaktari wa ganzi na usingizi hufika mezani kwangu wiki ya kwanza ya kila mwezi, na kazi yangu, kabla serikali haijatoa hata senti moja, ni kuilinganisha na daftari la mahudhurio linalokaa kwa karani nje ya vyumba vya upasuaji. Mimi si daktari wala mwanasheria. Katika hospitali hii, ambayo ni mojawapo ya zile zinazoendeshwa na Idara ya Maveterani ya Marekani kwa ajili ya askari waliokwisha kuvua sare, mimi ni mwakilishi wa afisa mikataba. Ninausimamia mkataba siku hadi siku na kuthibitisha kwamba kilichonunuliwa kimefika, lakini sina mamlaka ya kubadili hata nukta moja ya masharti au ya bei. Mamlaka hayo ni ya afisa mikataba peke yake, naye anakaa mji mwingine.

Dada yangu aliyeko Tanga aliponisikia nikieleza kazi hii aliniuliza, "Sasa kaka, serikali kubwa hivyo inakodi daktari kama watu wanavyokodi viti vya harusi?" Nilicheka, ila swali lake ni la haki. Sehemu ya jibu ni mshahara. Sheria inayopanga malipo ya madaktari walioajiriwa na Idara hii kwa kawaida haiwaruhusu kulipwa kwa mwaka zaidi ya mshahara wa Rais wa nchi, ambao ni dola 400,000 tangu mwaka 2001. Kwa mtu wa ngazi yangu hizo ni fedha za kuota, lakini bingwa wa upasuaji wa ubongo au wa moyo anaweza kupata zaidi ya hapo katika hospitali binafsi. Sehemu nyingine ni kiasi cha kazi: hospitali inaweza kumhitaji bingwa wa mishipa ya damu siku mbili tu kwa wiki, na hakuna bingwa atakayehamisha mke na watoto kwa ajira ya siku mbili.

Kwa hiyo tunanunua saa zake, na muuzaji aliye karibu zaidi mara nyingi ni chuo kikuu cha tiba kilicho ng'ambo ya barabara. Ujirani huo haukutokea kwa bahati. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jenerali Omar Bradley alikabidhiwa shirika la maveterani lililozidiwa na majeruhi na lenye upungufu wa madaktari wazuri. Sheria ya Januari 3, 1946 ilimwezesha kuajiri madaktari nje ya utaratibu wa kawaida wa utumishi wa serikali, na waraka wa Januari 30 mwaka huohuo ukazifungulia hospitali hizo ushirikiano na vyuo vya tiba: vyuo vilete walimu na madaktari wanafunzi, hospitali zitoe wagonjwa na mahali pa kujifunzia. Leo sheria inaruhusu hospitali kununua huduma kutoka kwa chuo inachoshirikiana nacho bila kushindanisha wazabuni. Mikataba mikubwa ya namna hiyo hukaguliwa na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Idara kabla ya kutiwa saini, lakini ukaguzi wa bei hauwezi kumpa mnunuzi muuzaji wa pili. Chuo kinajua hatuna kwingine pa kwenda, nasi tunajua kwamba kinajua.

Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, si bei. Mkataba wa huduma za daktari ni ununuzi wa ajabu kidogo, kwa sababu serikali imejifunga isinunue kitu chenye thamani kuliko vyote, yaani uamuzi wa daktari. Kanuni za ununuzi za shirikisho zinasema wazi kwamba serikali inaweza kupima ubora wa huduma, lakini haina udhibiti juu ya mambo ya kitaalamu kama utambuzi wa ugonjwa na tiba ya mgonjwa fulani. Daktari wa mkataba si mtumishi wa serikali. Akishtakiwa kwa kosa la kitabibu, kinga inayomlinda daktari mwajiriwa haimfuniki, na ndiyo maana mkandarasi hulazimika kuwa na bima yake. Hatupaswi hata kumwelekeza kazi kama tunavyomwelekeza mwajiriwa. Nikiondoa yote hayo, kinachobaki mikononi mwangu cha kupima ni kuwapo kwake: alikuwa hapa, au hakuwa hapa.

Nalo si jambo jepesi. Mwezi mmoja ankara ilidai saa nane za daktari mmoja siku ya Alhamisi. Daftari lilionyesha ameingia saa 12:40 asubuhi na kutoka saa 5:20, kwa kalamu yake mwenyewe, wino wa bluu, sahihi imevutwa hadi ikaingia mstari wa chini. Hizo ni saa nne na dakika arobaini. Nilifungua kumbukumbu za usingizi za siku hiyo: upasuaji wa nyonga mmoja, wa ngiri mmoja, kisha mgonjwa wa tatu aliahirishwa kwa sababu shinikizo la damu lilikataa kushuka. Baada ya hapo jina la daktari halionekani tena. Nilimwandikia mkandarasi, yaani chuo, na jibu lilikuja haraka kwamba daktari alirudi ofisini kwake chuoni na kuutumia mchana kupitia mafaili ya wagonjwa wetu wa Ijumaa. Ninaamini ni kweli, kwa sababu maelezo yake yamo katika mafaili hayo, na mawili kati yake yaliandikwa saa 8 mchana. Lakini mkataba unahesabu saa zilizofanyika ndani ya hospitali tu. Waliouandika hivyo walikuwa na sababu, kwani wakaguzi wamekuta zaidi ya mara moja katika hospitali za Idara hii saa zilizolipwa bila uthibitisho wa kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mkuu wa upasuaji alisikia, akaja ofisini kwangu na kahawa yake. Aliniambia kwa upole kwamba daktari huyo ndiye bora tuliye naye, na kwamba tukimkera chuo kitatuletea kijana wa mwaka wa kwanza. Nilimsikiliza, kisha nikamkumbusha, kwa upole uleule, kwamba yeye mwenyewe anafundisha chuoni hapo, na kwamba kanuni za mgongano wa maslahi zinamtaka asiwe na mkono katika mambo ya mkataba huu. Alinyamaza kidogo. Simwoni kuwa mtu mbaya. Alikuwa anawafikiria wagonjwa, na hofu yake ina msingi. Tangu sheria ya mwaka 2018, veterani anayetakiwa kusubiri zaidi ya siku 28 kumwona bingwa, au kusafiri zaidi ya dakika 60 kwa gari, ana haki ya kutafutiwa tiba nje kwa gharama ya Idara. Vyumba vyetu vikikosa daktari wa usingizi, wagonjwa wanaweza kuishia hospitali ya chuo hichohicho, na fedha zikavuka barabara kwa mlango mwingine.

Hofu hiyo naijua, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliisababisha mwenyewe. Mkataba mpya ulikuwa umesainiwa, nami nikawahakikishia watu wa upasuaji tarehe ya kuanza bila kuuliza kama madaktari walikwisha kuhakikiwa vyeti, kuchukuliwa alama za vidole na kupewa kibali cha kutibu katika hospitali yetu. Hakuna aliyekuwa tayari. Mzee mmoja aliyepigana Vietnam alikuwa amefunga kula tangu usiku, binti yake amemwendesha saa mbili gizani, nami ndiye niliyetumwa kuwaambia warudi nyumbani. Mzee alichukua kofia yake bila kusema neno. Binti yake ndiye aliyesema, na sikuwa na la kumjibu.

Ankara ile ya Alhamisi niliirudisha. Ilirejea baada ya siku nne, imepungua saa tatu na dakika ishirini, bila barua ya maelezo, nami nikaithibitisha ilipwe. Wiki hiyohiyo nilimwandikia afisa mikataba kurasa mbili, nikipendekeza kwamba kabla ya kuongeza mwaka mwingine wa hiari, yaani ule ambao serikali inaweza kuuongeza kwenye mkataba ikitaka, kazi ya kupitia mafaili iwekwe kwenye mstari wake wa malipo, kwa idadi ya mafaili badala ya saa, ili daktari aifanyie popote anapopenda na mimi niweze kuihesabu. Amenijibu kwamba atalizungumza na chuo. Mwaka wa fedha unaanza Oktoba 1, na hadi leo kalamu ya bluu inaingia na kutoka kama kawaida.