Mkojo Mweusi Baada ya Mafua

Wiki mbili baada ya mwanangu wa miaka 4 kupona mafua, nilikuta kwenye poti yake mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipovuta kope yake ya chini, ilikuwa nyeupe kama karatasi. Kwetu Tanga mtoto mwenye homa na mkojo mweusi huhesabiwa kuwa na malaria, nasi tulianzishiwa dawa yake kabla majibu ya kipimo hayajasomwa, ilhali hakuwa na kimelea hata kimoja. Jambo hilo bado linanikera.

Himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 5.1 kwa desilita, chini mno. Daktari wa zamu aliagiza kipimo cha Coombs, kilichoanza kutumika mwaka 1945, ambacho huonyesha kama chembe nyekundu zimegandwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe au na protini zinazoshirikiana nazo. Kwa watoto, baada ya maambukizi ya virusi, huweza kujitokeza kingamwili iliyoelezwa na madaktari Donath na Landsteiner mwaka 1904: hushika chembe nyekundu pale damu inapopoa vidoleni na masikioni, kisha damu ikirudi kwenye joto la mwili chembe hizo hupasuka na himoglobini ikamwagika hadi kwenye mkojo. Aina nyingine ya ugonjwa huu wa kingamwili kushambulia chembe nyekundu, ambayo haihitaji baridi, hutibiwa kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hii ya baridi, ambayo ndiyo iliyompata mwanangu, mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki chache.

Aliongezewa damu iliyopashwa joto kwa kifaa maalumu, huku amevaa soksi na kofia ya sufu, mwezi wa Februari, na wodi nzima ikitushangaa.